Zamu ya Masha

Jumamosi, 21 Februari 2026

Leo nimesafisha uvungu wa kitanda cha Baba. Vumbi la miaka! Viatu vyake vya reli, sanduku la bati, na nyuma kabisa, ndani ya gunia la sukari — kompyuta ya Masha. Nilidhani ilitupwa zamani. Nikakaa sakafuni kama mtu aliyezabwa kofi.

Masha ni kaka yangu. Alifariki mwaka wa tisini na nane, ana miaka kumi na tisa, mimi nina kumi na miwili. Najieleza kwa nani? Daftari ni langu. Lakini tangu Baba aanze kusahau, naona afadhali kila kitu kiandikwe, hata ninachokijua.

Nimeipakia kwenye tuktuk kutoka hapa Tudor mpaka Kuze, kwa Yumna fundi wa kompyuta. Amefunga Ramadhani, midomo imemkauka, lakini alipoliona lile dude macho yakamwaka. Akalifungua kwa bisibisi. Ndani chumvi imekula kila kitu.

"Hii imekwisha, dada Kanze. Ila diski yake i hai. Sikiza!"

Nikasikiliza. Ilikwaruza kidogo, kama panya ndani ya kabati, ikatulia.

Amesema ataifyonza yote ilivyo, aitie ndani ya laptopu. Kompyuta ya kuigiza, ndani ya kompyuta ya kweli. "Hiyo ya ndani haitajua kuwa kuna ulimwengu huku nde, huku kwetu. Itadhani ni ile ile, na mwaka ni ule ule." Nikamwambia basi ina bahati kuliko sisi. Tukacheka.

Nafanya haya kwa ajili ya Baba. Tangu Krismasi anakaa akitazama ukuta. Daktari alishauri tumpe vitu ambavyo mikono yake ilivizoea zamani. Reli siwezi kumletea sebuleni. Lakini kulikuwa na kitu kingine alichokipenda — mchezo wa treni aliokuwa akicheza na Masha.

Jumanne, 24 Februari

Yumna kaileta laptopu mwenyewe, ngazi zote tatu, na saumu yake! Mungu amlipe.

Mchezo ulimsumbua. Ukiona mwaka umevuka elfu mbili, unazimika. Ikambidi airudishe nyuma tarehe ya mashine ya ndani. Kwa hiyo humo ndani leo ni Jumanne, 24 Februari 1998. Naam, Jumanne! Tumetazama: mwaka ule na mwaka huu siku zimelingana zote, Jumatatu kwa Jumatatu. Yumna kafurahi, kasema haitamchanganya mzee. Mimi nywele zilinisimama.

Mchezo wenyewe si kitu. Unatandika reli, unajenga stesheni, unatuma treni. Wachezaji wawili, mashine moja, kwa zamu. BABA akimaliza, mchezo unasimama unamngoja MASHA, hata mwezi mzima. Ndivyo walivyoishi hao wawili. Baba alikuwa zamu za usiku kwenye kibanda cha ishara, stesheni. Masha mchana alikuwa mjini, akiunga kompyuta za mitumba kwenye duka moja. Wakapishana mlangoni, wakakutana humo tu. Na kwa kuwa kila treni unaipa jina, herufi kumi na nne pamoja na nafasi, basi wakaandikiana kwa majina ya treni! CHAI CHUPANI. AMKA SAA MBILI. Mama alikuwa hai bado, akiwacheka: baba na mwana wanapelekeana salamu kwa garimoshi.

Baba kakaa. Mikono iliyosahau kufunga vifungo vya shati ikakishika kipanya bila kuuliza. Mchezo ukafunguka palepale ulipoachwa. Zamu ya BABA. Treni sita. Ya tatu inaitwa KANZE MALKIA.

Baba akacheka. Kicheko chenyewe, cha tumboni! Mimi nikaenda chooni, nikajifungia.

Jumatano, 25 Februari

Niandike basi.

Ile treni haikuitwa KANZE MALKIA. Jumatano, 11 Machi 1998, kabla ya kwenda zamu ya usiku, Baba aliipa jina USIENDE MAKUPA. Mvua za El Nino zilikuwa zimebomoa barabara, malori yakawa yanapita palepale wanapotembea watu. Na Alhamisi asubuhi Masha alipaswa kwenda huko na mkokoteni kuchukua skrini. Simu ya mkononi nani alikuwa nayo? Baba akamwachia neno mahali walipoachiana maneno yote.

Na mimi nilikuwa nimenuna. Walininyima kucheza, eti nitaharibu. Jioni ile, Masha hajarudi, nikacheza zamu yake kwa siri. Nikaona treni ina jina baya, nikalifuta, nikaweka jina langu. Nikajiona mjanja kuliko wote! Asubuhi Masha aliniamsha kwa kunifinya sikio: "Kidagaa, umegusa zamu yangu!" Akacheka. Akaenda Makupa. Lori.

Baba aliamini Masha alisoma akapuuza. Miaka ishirini na nane, kila akimtaja: "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi." Mama amekufa akiamini hivyo. Mtoto ambaye hakumkaidi mtu maisha yake yote, nyumbani kwao jina lake ni mkaidi. Na mimi nanyamaza. Naogopa Baba afe hajui. Naogopa zaidi ajue.

Ijumaa, 27 Februari

Kizaazaa. Baba kamaliza zamu yake jana. Skrini inamngoja MASHA. Na Baba naye anamngoja. Mercy, anayekaa naye nikiwa kazini, kasema mzee hakula mchana, kakaa mikono magotini.

Nikamwambia, Baba, si ubonyeze mwenyewe tu, uendelee? Akanitazama kama niliyetukana.

"Mama," — ananiita hivyo, nimebeba jina la mamake — "zamu ya mtu haiguswi. Hata mkubwa wa stesheni hagusi mtambo wa aliye zamu. Ukiugusa, treni mbili zakutana."

Nikasema sawa Baba.

"Masha yuko wapi?"

"Yuko kazini." Ilinitoka kama kwikwi. Siwezi kuirudisha.

Jumamosi, 28 Februari

Nimeicheza. Baba alipolala mchana. Nikatandika kipande cha reli, nikaiita treni moja NIMEFIKA BABA, nikamaliza zamu. Nikatazama mlango kama mwizi. Kwani mimi nani?

Kaamka, kasoma, kala sahani nzima ya wali na mchicha. Kisha akamwomba Mercy ukoko!

Jumatatu, 2 Machi

Zamu nne sasa. Yeye anaandika, mimi najibu. UMEKULA. NIMEKULA WALI. VAA KOTI MVUA. NIMEVAA BABA. Njiani kutoka ofisini natunga jibu, nahesabu herufi kwa vidole, abiria mwenzangu ananikodolea macho. Nikiri? Napenda. Napenda kuitwa Masha. Napenda vile Baba anavyolisogelea jina hilo kwa pua.

Mambo mawili ya leo. La kwanza, saa. Baba kaiona saa iliyo pembeni mwa skrini, inasema nne, na wakati ni saa kumi alasiri. Akaghadhibika. Saa yetu ya ukutani ameiweka kwa Kiswahili tangu sijazaliwa: ikiwa saa kumi, mshale uko kwenye kumi, hataki saa ya kutafsiriwa. Za kizungu alizikabidhi stesheni alipostaafu. Basi akabonyeza, akabonyeza, nne ikawa kumi. "Sasa yasema kweli." Nikamwacha. Saa tu!

La pili, katoa kwenye sanduku la bati kalenda ya 1998, yenye picha ya garimoshi, kaitundika ukutani. Anafuta siku kwa kalamu. Na inafaa! Nitamkosoa nini?

Halafu bawabu wetu wa langoni. Baba kamwona midomo imekauka, kamuuliza ana nini. Kajibu ni Ramadhani, mzee. "Ramadhani ipi? Idi tumekula mwezi wa kwanza!" Bawabu kacheka mpaka kashika lango. Mimi nikatafuta kwenye simu. Mwaka 1998 Idi ilikuwa mwisho wa Januari.

Kwa hiyo Baba hajakosea. Hajasahau kitu. Ni kwamba hayuko huku.

Jumatano, 4 Machi

Kazini bandarini meli mbili pamoja, makaratasi hadi shingoni, hakuna wakati. Baba mzima, mchangamfu. Siku kwenye kalenda anazifuta mapema mno, jua bado halijazama. Haraka ya wazee. DADA YAKO JE, kauliza kwenye treni. Nikajibu KANZE MZIMA.

Alhamisi, 5 Machi

Sijui niandikeje.

Asubuhi niliacha zamu ya MASHA inangoja. Nimerudi, nikavua viatu, nikafungua laptopu kabla hata ya kumsalimu Baba. Zamu ya BABA. Ya MASHA imeshachezwa. Reli imetandikwa kwa mkato kupitia ziwani, kwa daraja, vile alivyokuwa akipenda Masha, mimi siwezi hata kulijenga hilo daraja. Na treni ya tano:

KIDAGAA ACHA.

Mtu mmoja tu duniani aliniita Kidagaa. Nilikuwa mwembamba.

Nimemuuliza Mercy. Hata kuiwasha hajui, kaapa kwa mamake. Nimemuuliza Baba. "Mimi sigusi zamu ya mtu, mama. Wanijua." Kisha akaisoma mwenyewe, akatabasamu. Kasema hawa watoto wanagombana tena.

Sijala. Nimewasha taa zote na jua bado liko.

Ijumaa, 6 Machi

Nimeomba ruhusa ya saa moja, nikaenda Kuze. Nimemweleza Yumna, isipokuwa lile la mwaka wa tisini na nane. Alidhani ni Baba: mzee atenda kisha asahau. Nikamwambia humjui Baba na zamu. Basi akafikiri, akasema pengine ni jina la zamani lililokuwa limelala kwenye diski, mchezo umeliokota. Hutokea. Nikaling'ang'ania neno hilo. Hutokea!

Kisha akanionyesha kitu. Siku ya kwanza aliiwekea mashine ya ndani alama ya kurudi. "Ukibonyeza hapa, yarudi yote kama yalivyokuwa Jumanne ile. Yaliyotendwa baadaye yafutika, kana kwamba hayakuwa."

"Yote?"

"Yote." Akanitazama. "Dada Kanze, hiyo zamu ya pili yachezwa na nani?"

"Mimi."

Akaweka bisibisi chini, akavuta buibui lake vizuri kichwani.

"Zamu ya maiti haichezwi, dadangu. Wallahi si vyema. Mtu aliyekwenda, mwachie nafasi yake."

Nimerudi nyumbani, nikaweka kidole juu ya kitufe hicho. Kitambo kirefu. Nikibonyeza, KIDAGAA ACHA inafutika. Nimeshafuta jina moja maishani mwangu. Linatosha.

Jumapili, 8 Machi

Baba kasema asubuhi, anafunga vifungo vya shati mwenyewe: "Alhamisi Masha ana safari ya Makupa."

Kijiko kikanianguka. Mtu ambaye wiki iliyopita alimwita Mercy kwa jina la marehemu shangazi, anakumbuka safari ya Alhamisi! Akauliza hali ya barabara. Akauliza kama mvua imekatika.

Moyo wake daktari amenieleza wazi: asishtuliwe. Na mimi namwona anaiendea ile siku mguu kwa mguu, kalenda mkononi. Ataishi tena kufa kwa mwanawe. Mtu anazika mtoto mara ngapi?

Nikaamua kuificha laptopu. Niliibeba mpaka kanisani ndani ya mkoba, ikanikandamiza bega ibada nzima, sikusikia mahubiri hata neno. Niliporudi Mercy yuko hoi. Baba kasimama ngazini muda wote akimwita Masha, majirani wametoka. Sauti imemkauka. Nimeirejesha mezani. Palepale akatulia, akachota maji akanywa.

Mpango wangu ni huu. Alhamisi siendi kazini, ruhusa nimepewa. Mlango nitaufunga kwa ufunguo. Akimwandikia Masha asiende, kabla Alhamisi haijaingia nitajibu: SIENDI BABA. Atapumua. Siku ipite. Ikishapita imepita.

Na lile jingine, la kumwambia ukweli? Nitamwambia. Si sasa.

Jumanne, 10 Machi

Nimesema!

Tulikuwa tunakula sima. Baba kaitazama kalenda, kasema kwa huzuni tu, si kwa hasira, kwamba anamjua mwanawe, atamwandikia na hatasikia. Mkaidi hafaidi. Sijui nini kilinipata. Miaka yote nimelisikia neno hilo nikalimeza na tonge. Leo halikupita.

"Baba, Masha si mkaidi. Ni mimi. Nilicheza zamu yake. Jina uliloandika nililifuta mimi, nikaweka langu. Hakulisoma."

Tonge likabaki hewani.

"Hakusoma?"

"Hakusoma, Baba."

"Masha hajui?"

"Hajui. Hakuwahi kujua. Nisamehe."

Akafumba macho. Machozi yakamtoka kwa chini ya kope, bila sauti. Nikamshika kifua, naogopa moyo. Lakini alikuwa mtulivu kuliko mimi. Akaniwekea mkono kichwani, na sima bado vidoleni.

"Umefanya vyema kunambia, mama. Wakati ungalipo."

Nimelia kama nilivyokuwa na miaka kumi na miwili. Kisha nikaosha vyombo naimba, Mercy kanishangaa. Mwepesi! Sijawahi kuwa mwepesi hivi. Mwanawe si mkaidi tena, na amenisamehe kwa mkono wake mwenyewe.

Ila sasa, nikiandika, nalirudia lile neno lake. Wakati ungalipo. Wakati gani?

Jumatano, 11 Machi

Asubuhi, haraka. Baba kaamka kabla yangu, keshacheza. Treni ya tatu, ile ile iliyokuwa KANZE MALKIA, kaiita USIENDE MAKUPA. Herufi kumi na nne kamili, zile zile.

Zamu ya MASHA. Nataka kujibu sasa hivi, lakini Baba kaketi mbele ya laptopu kama aliye kibandani, hainuki. Siwezi kucheza mbele ya macho yake. Na neno la Yumna bado liko masikioni. Na lile la treni pia, KIDAGAA ACHA.

Nitajibu jioni. Alhamisi ni kesho. Nimemwambia Mercy asimwache peke yake hata kidogo. Nimekwenda.

Jumatano, jioni

Baba hayupo.

Niandike kwa mpango, nisipoandika nitapiga kelele.

Nimefika saa kumi na mbili na nusu, adhana ya magharibi inalia. Lango wazi. Bawabu kaondoka mapema kwenda msikitini kufuturu, kumi la mwisho la Ramadhani hilo, watu wanawahi nafasi. Barabarani hakuna mtu, hakuna tuktuk, Tudor nzima imeinamia tende. Mercy yuko ngazini analia. Alipanda darini kuanua nguo. Dakika kumi, kasema. Dakika kumi tu, dada, nilimwacha ameketi.

Koti lake la reli haliko kwenye msumari. Taa yake ya ishara, ile ya kijani na nyekundu, haiko juu ya kabati. Haina hata betri.

Kwenye kalenda Jumatano imefutwa. Nikasema, mbona mapema tena? Nikaitazama skrini.

12 Machi 1998.

Ile saa! Mungu wangu, ile saa. Aliichukua nne ya alasiri akaifanya kumi. Kwa Baba kumi na mbili ni jioni. Kwa mashine kumi na mbili ni katikati ya usiku, siku inageuka. Kila siku ilikuwa inageuka saa kumi na mbili jioni, naye kila siku anafuta kalenda, na mimi nasema haraka ya wazee! Nimezaliwa na saa ile ukutani, naisoma bila kufikiri, sikuona. Nimekaa nikiilinda Alhamisi ya huku nje. Ya humo imeingia mlango wa nyuma.

Kaona tarehe imegeuka. Kaona Masha hajajibu. Na jana mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nimemwambia Masha hajui.

Basi kachukua taa, kaenda kumzuia.

Makupa, saa hii. Malori yanayotoka bandarini, na madereva wana njaa, kila mmoja anawahi futari yake. Baba hata barabara ya hapa chini havuki bila kushikwa mkono.

Nimempigia Yumna. Kaja na nduguze wawili, maji hajanywa sawasawa. Nilitaka kwenda nao. Akanishika mabega, akaniketisha.

"Wewe keti hapa, dada Kanze. Akirudi mwenyewe akute mlango wazi na mtu ndani. Sisi twenda. Twamjua."

Wamemchukua Mercy. Nimebaki mimi na hii meza.

Laptopu iko mbele yangu. Inasema zamu ya MASHA. USIENDE MAKUPA iko stesheni, haijatoka. Kipanya nimekisukuma upande wa pili wa meza, nimekifunika kwa kitambaa cha sahani. Jibu ninalo, herufi kumi na moja, tangu Jumapili. Sasa nimjibu nani? Asomaye hayupo. Mwaka ule niliwahi kuicheza, leo nimechelewa kuicheza. Mara zote mbili ni zamu ile ile.

Saa moja na dakika kumi. Hakuna simu.

Nimejaribu kusali, naishia "Baba yetu" nashindwa kuendelea.

Saa moja na robo. Nimetoka robo dakika roshanini. Kwa mbali, upande wa Makupa, honi za malori, nyingi pamoja, ndefu. Malori yamesimama. Au njia imefungwa tu, kama kila siku. Kila siku hufungwa. Nimerudi ndani.

Zamu ya BABA.

Sijagusa. Kitambaa hakijasogea, kipanya kiko chini yake. Mlango wa ngazini niko nao jicho kwa jicho, hakuna aliyeingia. Sijagusa! Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwapia.

Treni ya tatu imeshatoka stesheni. Inapita kwenye daraja la ziwani, polepole, mabehewa mawili. Jina limebadilishwa.

NIKO NA BABA.

Simu inalia. Ni Yumna. Imekata, inalia tena. Nimeishika mkononi, na treni bado inakwenda, na chini ya skrini mchezo unamngoja Baba acheze.